Mwalimu kwenye ada, dada kwenye mshahara: huu wizi kwa walezi wa watoto ukome

Wakuu, mzazi akija kuandikisha mtoto kwenye kituo cha kulelea watoto anaambiwa "tuna walimu wenye sifa". Mwisho wa mwezi mwalimu huyohuyo anageuka dada wa kazi. Anapewa 150,000 mkononi, hati ya mshahara hakuna, NSSF hakuna, akiuliza anaambiwa wasichana wa kazi wamejaa mtaani.

Tupige hesabu. Kituo kinafunguliwa saa 12:30 asubuhi, mtoto wa mwisho anachukuliwa saa 11:30 jioni. Saa 11 kwa siku 5 ni 55. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Gawanya 150,000 kwa 195 (saa 45 mara wiki 4.333 za mwezi), unapata kama 769 kwa saa. Saa ya ziada ni 1,154. Saa 10 kila wiki zinafika 50,000 kwa mwezi. Theluthi ya mshahara inaliwa, na Jumamosi bado sijaigusa.

Mwenye kituo atasema saa moja hapo ni ya chakula. Chakula gani? Saa hiyo mlezi ana bakuli la uji mkono huu, mkono wa pili anamzuia mwingine asipande meza, na watoto wakilala haruhusiwi kutoka chumbani. Sheria hiyohiyo inataka mapumziko yalipwe pale mfanyakazi anapotakiwa kuwa kazini. Basi lipeni!

Kwenye sifa ndiyo hasira inapanda kabisa. Waliosomea malezi wapo, wanakwepwa kwa sababu watadai mshahara wa cheti. Anaokotwa binti wa kidato cha nne, kesho yake ana watoto 20. Si kosa lake. Lakini mtoto wa miaka miwili akipaliwa na kipande cha chapati, asiyefundishwa ataingiza kidole mdomoni na kukisukuma ndani zaidi. Aliyefundishwa atamwinamisha, ampige mgongoni kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Kisipotoka, amminye tumbo juu ya kitovu mara 5, kisha arudie. Wa chini ya mwaka haminywi tumbo, anabonyezwa kifuani. Hilo ni somo la nusu siku, na bado hamlitoi!

Mwanaume mwenye cheti ndiyo kabisa, barua yake haisomwi, eti kazi ya akina mama. Kama hofu ni usalama, mtoto analindwa na mlango ulio wazi, watu wazima wawili chumbani na kuchunguzwa kila anayeajiriwa, wa kike kwa wa kiume.

Walezi, daini masharti ya ajira kwa maandishi. Andika kila siku saa ya kuingia na kutoka kwenye daftari lako mwenyewe. Mkishindwana, jaza Fomu Namba 1 ya CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: ukiachishwa kazi una siku 30, madai ya mshahara siku 60. Wengi wanafika huko miezi minne imeshapita wakiwa na haki zao zote, wanaanza kuomba ruhusa ya kuchelewa badala ya kudai fedha.