Notisi ya moshi kutoka ofisi ya apatimenti + vile vikuku vya kujaza (naomba msaada kabla ya Ijumaa)

Mama Pacha, Jumatatu usiku

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Naomba msaada wa haraka maana nina mpaka Ijumaa tu. Juzi Jumamosi nilikuwa najaribu kuoka vile vikuku vidogo vya Cornish (kuku wachanga wa kuokwa wazima), nilinunua viwili vya kujaribia kabla ya Novemba katikati ambapo nina wageni kumi, mama mkwe anakuja mara ya kwanza tangu I-130 yake (ombi la kuletwa na jamaa Marekani) ipite na nataka nimpikie chakula cha kikwetu lakini cha msimu wa huku pia, aone kwamba mwanawe hali mikate tu. Nikavijaza wali wa zabibu na korosho, nikavipaka siagi nyingi, nikaweka oveni nyuzi 450 za Fahrenheit kama nilivyoona kwenye video. Dakika ishirini hazijafika moshi umetanda jikoni, kengele ikalia, na ya kwangu ikishalia inaita jengo zima, watu wa ghorofa tatu wako nje na watoto na mablanketi, zimamoto wakaja. Nilitamani ardhi ipasuke.

Leo asubuhi nakuta notisi mlangoni. Wanasema nimevunja mkataba wa nyumba, nisaini niirudishe ofisini kabla ya Ijumaa jioni, na ikitokea tena watakata kwenye depoziti. Maswali yangu: (1) nisaini au nisisaini? nikisaini si nimekubali kosa? na je itaingia kwenye N-400 (fomu ya kuomba uraia wa Marekani), maana intavyuu yangu ni Desemba. (2) hivyo vikuku nje viliungua na ndani wali ulikuwa na majimaji mekundu, nilitupa vyote na roho ikaniuma. Nilikosea wapi?

Mjomba wa Ohio, Jumatatu usiku

Pole sana binti yangu. Ngoja nikwambie jambo moja kuhusu N-400, wanauliza kama umewahi kukamatwa au kupewa citation (hati ya kosa) yoyote, sasa hiyo notisi ni nini kama sio citation? Mimi mwaka ule nilikuwa na karatasi ya maegesho nikaiacha nikaenda intavyuu nayo moyoni, sikulala wiki nzima. Andika yote, usifiche. Na hiyo 450 ni moto wa piza, nani alikwambia. Halafu siku nyingine ukitaka kuoka chukua mfuko wa plastiki ufunike ile kengele, ukimaliza unatoa. Sisi wote tunafanya hivyo.

Nesi wa Zamu ya Usiku, Jumanne alfajiri

Shikamoo mjomba, na kwa heshima zote naomba usimtishe mtoto wa watu. Citation inatoka polisi au mahakamani. Karatasi ya mwenye nyumba ni karatasi ya mwenye nyumba. Mimi N-400 yangu nilijaza na ofisi ya nyumba ilikuwa imeshaniandikia mara mbili kwa sababu ya kelele za watoto, hakuna aliyeniuliza.

Na hilo la kufunika kengele TAFADHALI mtu asilifuate. Kwanza kwenye mikataba mingi ndilo kosa lenyewe, wakikuta umefunika hapo ndio utatoka kweli. Pili kuna familia zimelala juu yako. Fungua dirisha KABLA ya kuwasha, washa feni ya juu ya jiko, na oveni ikianza kutoa moshi izime, acha mlango wake umefungwa, usiufungue kuangalia.

Kuhusu kuku, Mama Pacha wangu, hukukosea kitu kikubwa. Kuku mdogo aliyejazwa hapikwi kama kuku mtupu. USDA (wizara ya kilimo ya Marekani) wanasema nyuzi 165 za Fahrenheit (74 za Selsiasi), na hizo 165 zifike sehemu MBILI, kwenye paja na katikati ya wali ndani ya tumbo. Nyama inaweza kufika wali haujafika, na maji yote ya kuku mbichi yameingia kwenye huo wali. Nunua kipimajoto cha nyama, usitazame rangi. Moto 350, yaani kama 175 za Selsiasi, mtupu anachukua dakika 50 mpaka 60, ukimjaza ongeza 15 mpaka 30. Jaza kwa kulegeza, wali unataka nafasi. Na ujaze pale pale unapomtia ovenini, sio usiku uliotangulia ukamlaza kwenye friji.

Shangazi Minnesota, Jumanne

Watoto wangu hamjambo. Mimi nimepika hivi vidude tangu nimekuja, ni kware tu hawa, kware wa Kizungu. Unamwosha vizuri na ndimu na chumvi na siki kidogo mpaka harufu iishe, unamtia tangawizi na kitunguu saumu anakaa usiku kucha. Wali wa kujaza unauacha nusu mbichi, utaivia humo humo na mchuzi wa kuku. Hiyo habari ya vipimajoto sisi tulilelewa bila vipimajoto na tuko hapa.

Mpwani, Jumanne jioni

Shikamoo shangazi. Samahani lakini sio kware kabisa. Ni kuku. Ni kuku mchanga, aina ya Cornish ilichanganywa na Plymouth Rock nyeupe, ikatangazwa sana Marekani kuanzia miaka ya 1950 kutoka shamba moja la Connecticut. Kawaida hajatimiza wiki tano na hazidi ratili mbili, na kwenye pakiti wameandika "hen" (kuku jike) lakini anaweza kuwa jogoo. Kware halisi ni nusu ya huyo au chini zaidi, ukimweka saa nzima kama wanavyosema hapo juu utatoa mkaa. Nasema hivi kwa sababu mtu atasoma hapa ataenda kununua kware kweli.

Na dada Mama Pacha, kikuku kinavaliwa mguuni. Sema vijikuku.

Mimi shida yangu kubwa ni halali, duka la karibu na mimi hawana wadogo waliochinjwa, inabidi niagize kwa mchinjaji wiki mbili kabla. Wenye nia ya kupika Novemba waagize sasa, Thanksgiving (sikukuu ya shukrani ya huku, mwishoni mwa Novemba) ikikaribia hupati kitu.

Nesi wa Zamu ya Usiku, Jumanne usiku

Shangazi nakupenda na najua mkono wako, lakini wali nusu mbichi ndani ya kuku mdogo hauivi. Tumbo lake linaingia kama kikombe kimoja cha wali, moto unafika pale mwisho kabisa. Wali uive kwanza, uwe wa moto au vuguvugu unapojaza, na usiuache mezani tangu asubuhi, wali uliolala nje unaharibu tumbo hata ukiupasha tena. Nimewapokea watu wa namna hiyo kazini.

Na kuosha, najua nitatukanwa. USDA wanashauri tusioshe kuku kwenye sinki, maji yanaruka yanapeleka vijidudu kwenye kachumbari iliyo pembeni. Ndimu haiui. Kama roho haitulii bila ndimu, mpake ndimu kwenye bakuli, mkaushe kwa karatasi ya jikoni, osha sinki na mikono kwa sabuni. Kumkausha ndiko kunakofanya ngozi iwe kavu ya kuvunjika, yule anayeingia ovenini na maji anachemka tu.

Shangazi Minnesota, Jumanne usiku

Kuku asiyeoshwa mimi sili. Basi.

Dereva wa Texas, Jumatano, nimesimama kupumzika

Wadau mimi niko njiani naandika kwa simu mnisamehe, nimesoma yote na naona mmesahau moshi wenyewe ulitoka wapi, moshi hautoki kwa kuku unatoka kwa mafuta ya kuku yanadondoka kwenye trei kavu yenye moto mkali na siagi juu yake, siagi ina maziwa ndani yake inaungua haraka, mimi natumia samli au mafuta ya kawaida, halafu chini ya kuku natandaza viazi na vitunguu na karoti vimekatwa vinene, mafuta yakidondoka yanadondokea kwenye viazi hayaungui na ukitoa hapo una viazi ambavyo watu watavigombania kuliko kuku, kama huna viazi mwaga maji kidogo kwenye trei uangalie yasikauke. Na oveni ya apatimenti mpangaji aliyekutangulia kaacha mafuta yake chini, isafishe kwanza dada, inawezekana nusu ya ule moshi haukuwa wako na hilo ungewaambia ofisini.

Jingine, angalia ndani ya tumbo kabla ya kujaza, wanaweka kifuko chenye shingo, maini na firigisi, wengine hawaweki lakini angalia. Mke wangu mara ya kwanza alijaza wali juu ya kifuko. Na miguu ifunge kwa uzi wa pamba, sio uzi wa nailoni, unayeyuka.

Hiyo firigisi nikiiona kwenye kifuko nasimama kidogo. Kwetu firigisi ilikuwa ya baba, hata awe amesafiri inawekwa pembeni, mtoto kuila ni kesi. Sasa nyumbani kwangu mimi ndio baba na nakula firigisi peke yangu kwenye lori saa nane ya usiku, na baba amezikwa sikwenda kwa sababu karatasi zilikuwa hazijatoka. Samahani nimetoka nje ya mada.

Shangazi Minnesota, Jumatano

Hujatoka mwanangu. Mungu amrehemu mzee.

Mimi huku majani yakianza kupukutika ndio moyo unaniuma. Kwenye vitabu vya watoto wanaandika huu msimu ni vuli, nikisoma nasema jamani vuli ni mvua. Vuli ni Oktoba unasikia harufu ya udongo, kumbikumbi wanatoka jioni wanaizunguka taa, watoto wanawakusanya kwenye beseni la maji, tunawakaanga. Huku Oktoba jua linazama unaliangalia, na mwanzoni mwa Novemba saa inarudishwa nyuma, saa kumi na moja ni giza. Ndio maana naoka. Oveni ikiwaka nyumba inakuwa na mtu.

Mjomba wa Ohio, Jumatano usiku

Ni kweli. Na ndio maana nasema kila siku suala la uraia pacha. Mimi binti yangu akimaliza hiyo N-400 anapoteza utanzania wake, anarudi kwao kumzika mtu kama mgeni. Wakenya nyinyi mlishapata kwenye katiba ya 2010, mnatuangalia tu.

Mpwani, Jumatano usiku

Mjomba tulipata lakini si kwa kukaa kimya, na hata sisi ukienda kuomba kitambulisho upya utaambiwa leta barua ya nyanya yako. Turudi kwa kuku tafadhali, tulishakubaliana siasa zina uzi wake.

Mjomba wa Ohio, Jumatano usiku

Siasa ni hizi hizi zinazomfanya ashindwe kusaini karatasi.

Mama Pacha, Alhamisi usiku

Asanteni nyote, nimelia kwa ya kaka Dereva. Mjomba shikamoo, sikufunika kengele.

Jana nilisafisha oveni, chini kulikuwa na kitu cheusi kigumu ambacho sijui ni cha miaka gani. Leo nimeoka vijikuku viwili (nimejifunza, Mpwani). Nimepika wali wa nazi ukaiva, nikauchanganya na zabibu, korosho, kitunguu cha kukaanga na bizari kidogo, nikajaza kwa kulegeza, kila mmoja umeingia kama robo tatu ya kikombe. Chini viazi na vitunguu. Samli. Moto 350 saa moja na dakika kumi, wali ukasoma 158 nikarudisha dakika kumi tena, ukasoma 167. Mwisho nikapandisha 425 dakika chache ngozi ikawa ya dhahabu, nimemwacha dakika kumi kabla ya kukata. Hakuna moshi. Wanangu wamekula viazi vyote kabla sijakaa.

Shangazi niliwaosha kwa ndimu, kwenye bakuli, sinki nikalisugua. Naomba mniache hapo.

Sasa karatasi bado iko kwenye friji nimeibana na sumaku na kesho ndio Ijumaa. Nimewapigia simu ofisini mara tatu hawapokei. Nikisaini niandike pembeni kwamba oveni ilikuwa chafu kabla sijahamia? Au nisisaini kabisa? Mwenye uzoefu anijibu usiku huu tafadhali.

Shangazi Minnesota, Ijumaa asubuhi

Hongera mwanangu, mama mkwe atafurahi. Wageni kumi usinunue kumi, nunua sita, ukimaliza kuoka toa wali kwenye sinia kubwa, kata kila mmoja katikati kwa mkasi wa jikoni, kila mtu nusu na mbili zinabaki kwa watakaorudia. Firigisi zote sita zikaange na vitunguu umpe mama mkwe, mwanawe atajua umefanya nini.

Dereva wa Texas, Ijumaa

Sita zinatosha. Viazi weka ratili tano.