Naomba ushauri: skauti wangu na beji za sayansi

Mlezi_Malindi: Assalam aleikum ndugu zangu. Nalea skauti 14 hapa Malindi, wote wa ngazi ya Mwamba. Tangu mwaka jana tunafuata masharti ya Nova, zile tuzo za sayansi za skauti wa Marekani. Tumepima maji kupwa na kujaa, tumefungua redio mbovu tukazifufua mbili. Mmoja aliona roketi ikiruka Ngomeni, tangu hapo haambiwi kitu ila anga. Niwaelekeze fani gani: uhandisi, kompyuta au hali ya hewa? Usingizi sina.

MamaSwafiya: Waalaikum salaam mwalimu. Uuguzi! Wangu alisoma kompyuta, leo auza viazi karai na mimi.

FundiRedio: Mtu hakosi usingizi kwa fani za watoto wa wenzake. Nova zilianza 2012, ni za wanachama wao kule, na mshauri lazima awe amesajiliwa kwao. Wewe umesajiliwa?

Mlezi_Malindi: La. Lakini kazi vijana wameifanya kweli.

FundiRedio: Na wazazi uliwaambiaje?

Mlezi_Malindi: Walitoa mia tano mia tano za beji. Nikawaambia beji itawafungulia mlango kituo cha anga. Sikusema kazi, nilisema mlango.

Baharia_Mstaafu: Mlango una bawabu, mwanangu. Enzi zetu skauti ilikuwa mafundo. Siku moja tanga lilituchanikia karibu na Kipini, usiku, na fundo nililofunzwa skauti ndilo lililotufikisha Lamu. Hakuna aliyeniuliza beji.

Kipusa_wa_Shela: Hii chai, uongo mtupu! Roketi ya mwisho pale San Marco, kile kituo cha roketi cha Ngomeni, ilirushwa 1988, na Mwamba ni miaka 15 hadi 17. Huyo kijana aliiona akiwa wapi, kiunoni mwa babake? Ngojeni tu, namba ya kutuma mchango yaja.

Baharia_Mstaafu: Kweli! Ile setilaiti ya Uhuru ilipaa 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei, ndipo ikapewa jina. Ilikwenda kutafuta eksirei za nyota. Sisi twavuta nyavu.

Mlezi_Malindi: Babu yake ndiye aliyeona, niliandika mbiombio. Na sijaomba mtu shilingi hapa.

Kipusa_wa_Shela: Kesho atakuwa babu wa babu.

FundiRedio: Chai au si chai, rudisha pesa, uwaambie wazazi ukweli. Oktoba waingize vijana JOTA-JOTI, waongee na skauti wa nchi nyingine kwa redio na intaneti. Huyo wa anga mtafutie fizikia na hesabu, beji baadaye. Usiagize kitu.

Mlezi_Malindi: Zishaagizwa.

FundiRedio: Marekani wamekuuzia hivi hivi?

Mlezi_Malindi: Si Marekani. Kuna fundi wa kudarizi Mombasa, nilimpa picha. Wallahi zimetoka nzuri kushinda zenyewe.

MamaSwafiya: Ewe Mola.

Kipusa_wa_Shela: Sasa nimekuamini 😂 Huyo fundi atoza ngapi? Nina jezi 22.