Kisu changu cha kukunja kimekaza hadi kinavunja kucha, nisaidieni

KushotoTupu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Nina kisu cha mfukoni cha kukunja, ubapa mmoja tu, mwaka huu ni wa nne natembea nacho. Kilipokuwa kipya kilifunguka kistaarabu: unachomeka ukucha kwenye ule mfereji mdogo, unavuta, kinaitika "tak". Sasa hivi kukifungua ni ugomvi. Juzi nataka kufungua boksi, nikavuta, ukucha wa dole gumba ukakatika hadi kwenye nyama. Nimebaki nakifungua kwa koleo, na najua hiyo ni aibu.

Nilichojaribu ni mafuta ya kupikia. Nilianza kama miezi sita iliyopita, na kila kikikaza naongeza tone. Siku mbili tatu kinalainika, halafu kinarudi kigumu kuliko mwanzo. Kukinoa nanoa mwenyewe kwenye jiwe, makali hayana tatizo. Je, ndiyo kimekufa? Nawasilisha.

BisibisiMzee

Pole na ukucha, mkuu. Kisu hakijafa, unakiua wewe taratibu. Mafuta ya kupikia ni mafuta ya mimea, na mengi ya aina hiyo yakikaa yakapigwa na hewa yanaganda. Nenda kaangalie shingo ya chupa ya mafuta iliyokaa jikoni muda mrefu, kuna utando wa kahawia unaonata. Uguse. Huo ndio umejaa kwenye egemeo la kisu chako, yaani pale ubapa unapozungukia, na kila tone unaloongeza linalainisha utando wa juu kwa siku mbili kisha nalo linageuka gundi.

Nuru77

Mimi napulizia WD-40 tu, mchezo kwisha. Mnapenda kujitesa.

BisibisiMzee

@Nuru77 hapana, mchezo ndiyo unaanza. Ile kitu ilitengenezwa 1953 kwa kazi ya kufukuza maji kwenye chuma, W na D ni hiyo kazi yenyewe, na 40 ni jaribio la arobaini ndilo lililokubali. Inayeyusha uchafu vizuri sana, kwa hiyo kuoshea naikubali. Lakini kinachobaki baada ya kukauka ni utando mwembamba mno kwa egemeo linalosuguana kila siku. Osha nayo, futa, kisha weka mafuta ya kweli.

MamaKijaluba

Jamani, kabla hamjamwagia kisu cha watu kila dawa, tumuulize mgonjwa anaumwa wapi. @KushotoTupu, funga selotepu juu ya makali (usiruke hatua hii, utanishukuru), kisha kifungue polepole na utujibu. Kinagoma mwanzoni tu kikitoka kwenye mpini, au safari nzima? Ukikiegesha sikioni kuna mlio? Na pale ubapa unapoungana na mpini, kile kichwa kina tundu la bisibisi au ni duara laini?

Nauliza kwa sababu kila jibu lina dawa yake. Kikigoma mwanzoni tu kisha kikawa huru, hapo ni springi au kile kigololi kidogo kinachozuia ubapa usijifungulie mfukoni. Kigololi hicho kimewekwa makusudi, usiguse. Kikiwa kizito safari nzima, ni uchafu au egemeo limekazwa mno. Kikikwama sehemu moja kila mara, tafuta kutu, au ubapa umepinda unagusa ukuta wa ndani.

KushotoTupu

Selotepu nimefunga, dada yangu. Ni safari nzima, na kuna mlio, kama unasaga mchanga kwa meno. Kichwa ni duara laini pande zote mbili, hakuna pa kuingiza kitu. Hakina kitufe wala kabari ya kukifunga, kinashikwa na springi ya mgongoni tu.

MamaKijaluba

Umejijibu kwenye swali la kwanza. Ulisema unanoa kwenye jiwe. Ule uji wa kijivu unaotoka jiweni ni vumbi la jiwe na chuma, na ukinoa kuelekea kitako cha ubapa unatiririka moja kwa moja hadi kwenye egemeo. Ndani ukakuta mafuta yako ya kupikia yanayonata, ukakaa. Yaani umetengeneza msasa ndani ya kisu.

Kichwa laini maana yake ni ribiti, pini iliyopigwa ikashika moja kwa moja. Kisu cha ribiti hakitenganishwi vipande, na anayekuambia toa ribiti kwa tindo hakutakii mema. Fanya hivi. Tia matone ya mafuta ya taa kwenye egemeo, pande zote mbili na kwenye springi kwa ndani, kilaze egemeo likiwa chini juu ya kitambaa, kilale hivyo usiku kucha mbali na moto. Asubuhi kichukue kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, kifungue na kukifunga humo humo ndani ya maji. Maji yatachafuka. Mwaga, badilisha, endelea mpaka yabaki meupe. Mswaki wa zamani kwenye mfereji wa mpini, kijiti cha meno pale kona ambapo mswaki haufiki. Usichemshe, mipini mingi imeshikwa kwa gundi.

Kisha kausha haswa. Draya ya nywele, au kiache wazi mahali pa joto saa kadhaa. Ukifunga maji humo ndani umebadilisha gundi kwa kutu. Kikikauka, tone MOJA la mafuta mepesi kila upande, ukifungue na kukifunga mara ishirini thelathini, ufute kinachotoka. Kikitoka kijivu au cheusi, bado hujamaliza, rudi kwenye maji.

Nuru77

Mafuta mepesi ndiyo yapi sasa? Maana mmeyakataa yote.

BisibisiMzee

Ya cherehani yanatosha kabisa. Kama kisu kinakata matunda au mkate, tumia parafini ya maji ile isiyo na rangi inayouzwa duka la dawa. Ndiyo, ile ile ya kulainisha tumbo, usicheke. Ni mafuta ya madini, hayagandi kama ya mimea, na yakigusa chakula hayana neno. Grisi acha, inakusanya vumbi la mfukoni.

Kasha_la_Zana

Mimi kisu changu ni cha skrubu, tatizo lilikuwa jingine, naweka hapa atakayekuja na uzi huu baadaye asipotee. Kilikuwa kigumu tangu siku ya kwanza, safi kabisa, hakuna mchanga. Nikakifungua. Skrubu zilikuwa za kichwa cha nyota, ya egemeo saizi T8 na za mpini T6, na ya egemeo ikagoma kwa sababu kiwandani walitia gundi ya kushika nyuzi za skrubu isilegee. Nikalazimisha. Nyota ikawa duara. Ilinigharimu jioni nzima na skrubu mpya, wakati joto la pasi ya kulehemu likiegeshwa pale juu kama dakika moja lingelainisha gundi na ikatoka yenyewe.

Ndani nikakuta washa mbili za shaba (zile pete bapa kati ya ubapa na mpini), moja ina kijinundu pembeni, alama ya mashine iliyoikata. Ndicho kilikuwa kinashika. Nikaweka msasa namba 2000 juu ya kioo, tone la mafuta, nikaisugua washa kwa kidole nikichora namba nane hadi pande zote zikang'aa sawasawa. Usisugue upande mmoja zaidi, itakuwa nyembamba kama mwezi mwandamo na ubapa utakaa upande.

Kurudisha ndiko kuna siri. Kaza egemeo mpaka ubapa usicheze kushoto kulia, kisha legeza kidogo kidogo, kama moja ya nane ya mzunguko, jaribu, legeza tena. Kuna sehemu finyu sana ambapo ubapa unashuka kwa uzito wake na bado hauchezi. Nikiipita nilikuwa naisikia kwa kidole kabla sijaiona kwa jicho.

Mpole_wa_Zamani

Dawa ya meno! Tia dawa ya meno kwenye egemeo, fungua funga mara mia, inasugua ndani kama poda ya kung'arishia. Babu yangu alifanya hivyo.

MamaKijaluba

Mzee wangu shikamoo, na babu namheshimu, ila huyu kijana tatizo lake ni mchanga ndani ya egemeo asiloweza kulifungua. Tumwongezee mchanga mwingine? Kwa kisu cha skrubu unaweza kung'arisha na ukaosha washa kimoja kimoja. Kwa cha ribiti, kilichoingia kinatoka kwa shida.

Mpole_wa_Zamani

Marahaba. Basi tuseme babu alikuwa na subira ya kuosha.

Kasha_la_Zana

Niongeze la mpini wa mti, kwa wenye Opinel na ndugu zake. Visu hivyo vinatengenezwa Ufaransa tangu 1890, ubapa unazunguka kwenye mpasuko wa mti wenyewe, na mti ukilowa unavimba, unaubana ubapa kama meno. Hapo mafuta ya egemeo hayakusaidii. Kiache kikauke siku kadhaa, hakuna jua kali wala moto. Wenyeji wa Savoie, mkoa vinakotoka, huugonga mwisho wa mpini kwenye kitu kigumu, ubapa unachungulia, ndipo wanauvuta. Kikishakauka pakaa mti mafuta ya kitani kidogo, na usikiloweke tena kwenye sinki.

KushotoTupu

Wakuu, mrejesho. Mafuta ya taa yamelala usiku mzima. Asubuhi kitambaa kina doa jeusi la ukubwa wa sarafu. Maji ya kwanza yalitoka kama uji wa simenti, sitanii, chini ya bakuli kulikuwa na mchanga mwembamba unaousikia ukisugua vidole. Nimebadilisha maji mara tano. Ya tano yakawa meupe. Draya, tone la parafini kila upande, kufungua na kufunga mara hamsini huku selotepu iko juu ya makali (iliniokoa mara moja, dada yangu, ahsante).

Mlio umeisha kabisa. Kinateleza. Lakini mwanzoni pale bado kuna uzito, natumia nguvu kidogo kukitoa kwenye mpini, na kikifika mwisho kinajipiga kwa nguvu. Niendelee kukiosha?

BisibisiMzee

Hapana, hapo acha. Hiyo ni springi ya mgongoni inaminya kitako cha ubapa. Kisu chako hakina kabari, hiyo springi ndiyo peke yake inayozuia kisikufungie vidoleni ukiwa unakata. Ukiilegeza utafurahi wiki moja. Na ukinoa kuanzia sasa, elekeza egemeo juu, uji wa jiwe ushuke kwenye ncha, kisha uufute kabla hujakikunja.

KushotoTupu

Nimekuelewa mkuu, nakiacha hivyo. Koleo nimelirudisha stoo. Kilichobaki nasubiri ukucha uote, kwa sasa nakifungua kwa mkono wa kulia, na kila nikikifungua kinanipiga "tak" upande usio wangu.