Grupu la familia, Jinja, Uganda: bogenvilia ya Senga (shangazi)

Senga: Asalam aleikum wanangu. Tazameni hii picha, bogenvilia yangu imepanda mpaka kwenye bati, majani tele lakini ua hata moja hakuna, na ya jirani imewaka pinki ukuta mzima. Ina ugonjwa gani??

Halima: Waaleikum salaam Senga. Eh imenona kweli

Baba Mdogo: Dada hiyo haiumwi, imeshiba. Unamwagilia vipi?

Senga: Kila jioni nusu jerikeni, na mbolea ya kuku siikosi, naipenda jamani

Baba Mdogo: Ndo hapo sasa. Mbolea ya kuku ina naitrojeni nyingi, ukiongeza na maji ya kila siku inakimbilia majani tu. Simamisha mbolea, na maji ngoja mpaka udongo wa juu ukauke kabisa ndo umwagilie, tena umwagilie ya kutosha mara moja sio kidogokidogo. Mvua za mwezi wa tano zimeisha, huu ndo wakati wake. Halafu huo mwembe unaikinga jua, inataka jua angalau masaa 6

Senga: Mwembe wa marehemu mzee haukatwi!

Baba Mdogo: Hapana dada, yale matawi ya chini tu yanayoelekea ukutani. Na hivyo vichipukizi virefu vya bogenvilia vipunguze, maua yanakuja kwenye tawi jipya

Kato: Senga ukiisogelea, ile pinki sio ua, ni majani yaliyogeuka rangi. Maua yenyewe ni vile vijibomba vyeupe katikati. Asili yake Amerika Kusini, Wafaransa waliikuta Rio de Janeiro mwaka 1767 wakaipa jina la mkuu wa msafara wao, Bougainville

Senga: Nimetoka kuchungulia ya jirani, kweli vipo vitatu vitatu! Miaka yote sijaviona

Halima: Mimi nataka kijiti nipande huku Entebbe

Baba Mdogo: Chukua kilichokomaa, unene wa kalamu, urefu wa shubiri, fukia nusu kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) yenye udongo na mchanga, weka kivulini. Kikichipua usikihamishe haraka, majani yanaweza kutangulia mizizi, na mizizi yake inakatika upesi sana kwa hiyo siku ya kupanda chana kaveera polepole udongo usimwagike

Senga: Kato njoo Jumamosi na panga na glavu, miiba yake mikali. Maji ya leo nishamwagilia sukuma wiki badala yake

Kato: Nakuja Senga, na kamba pia, maana haishiki ukuta yenyewe