Tupeane uzoefu: maumivu baada ya kutibu mzizi wa jino, kuna urithi wa ukoo hapa?

Mama Zawadi
Wakuu habari za jioni. Mimi na mdogo wangu, tumbo moja, tumetibiwa mizizi ya magego wiki moja, daktari yuleyule. Yeye alimeza panadol mbili, asubuhi akaenda zake Kariakoo. Mimi siku tatu sikulala. Meno yakigusana tu, moto unapanda hadi sikioni. Niliandikiwa kodeini, dawa ya maumivu, ikawa kama nimekunywa maji. Nyumbani wakasema najideka. Mama ndiye aliyenyamaza, kisha akasema hata yeye alipopasuliwa kwa uzazi dawa hiyo haikumfaa. Kwenu ikoje?

Mfamasia wa Tanga
Pole sana dada, na hujideki. Kodeini haitulizi mpaka ini liigeuze kuwa mofini, dawa kali ya maumivu, na kinachoigeuza ni kimeng'enya CYP2D6, yaani protini ya mwilini inayobadili dawa. Aliyerithi jeni ya kimeng'enya hicho isiyofanya kazi kwa baba na kwa mama anameza bure. Mwenye nakala za ziada za jeni inayofanya kazi, na Ethiopia wapo wengi, kwake inageuka haraka mno hadi anaweza kushindwa kupumua. Ndiyo maana mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza kuwapa watoto chini ya miaka 12. Tramadol, dawa nyingine ya maumivu, nayo inategemea kimeng'enya hichohicho. Ndugu wa tumbo moja hawagawiwi jeni sawasawa. Ibuprofeni haipiti njia hiyo, ila mwenye vidonda vya tumbo au shida ya figo aulize kwanza.

Msukuma wa Igoma
Mimi ganzi ndiyo iligoma. Sindano tatu, gego la chini, bado nasikia kila kitu. Baba naye hivyohivyo.

Mfamasia wa Tanga
Kaka, hapo usikimbilie ukoo. Neva ikishavimba, ganzi ya gego la chini hugoma kwa watu wengi tu. Ila jeni za maumivu zipo kweli: mwaka 2006 watafiti walieleza familia za Pakistan zenye hitilafu kwenye jeni iitwayo SCN9A, wasiosikia maumivu kabisa tangu kuzaliwa. Na maumivu yakizidi badala ya kupungua, au uso ukivimba, au homa, rudi kwa daktari siku hiyohiyo.

Mama Zawadi
Asanteni. Alhamisi natibiwa gego la pili. Nitamweleza daktari habari ya mama kabla hajashika kalamu.