Mjadala: "Nywele refu" ni kosa la kumkatia mtoto alama?

Mleta mada: Ndugu zangu, mwanangu wa darasa la tano kaandika "nywele refu". Mwalimu kapiga mkasi kwa wino mwekundu, kakata alama, basi. Hakumweleza neno. Rafiki yangu anasema kosa lenyewe ni la kubuni: maana imeeleweka, na mitaani watu husema hivyohivyo, tuliache.

Mimi sikubali. "Refu" tupu lina wenyewe: jina refu, jiwe refu. Nywele ni za ngeli ya U-ZI, na wingi wake huja na N. N hiyo ikikutana na L au R, huzaa ND: ulimi, ndimi; -refu, ndefu. Mbele ya B huwa M: ubavu, mbavu. Ikikuta W, huzaa MB, ndiyo maana watu ni wawili lakini nyumba ni mbili. Mbele ya K, P au T humezwa: ukuta, kuta. Lakini msikilize Mmvita, mtu wa Mombasa, akitamka "kuta" hizo, K inatoka na pumzi. Pumzi hiyo ndiyo mabaki ya N! Ndiyo pia inayotenga paa la nyumba na paa wa porini, ingawa maandishi yetu hayaionyeshi.

Mchangiaji: Mkuu, hayo ni rahisi kwa aliyezaliwa nayo. Nimefundisha watoto ambao nyumbani hawasemi Kiswahili. Akikutana na "mbavu" hadithini, atajuaje kwamba kwenye kamusi aanzie U? Kumkata alama ni kumwadhibu kwa lugha ya mamake.

Mleta mada: Hapo kwenye adhabu umenigusa, mwalimu wangu. Lakini tazama Wales, wenye lugha yao, Kiwelisi, ambayo nayo hugeuza herufi ya mwanzo. Nchi yao wenyewe huiita Cymru, na kibao cha mpakani kinasema "Croeso i Gymru", karibu Wales: C imegeuka G kwa sababu ya hako ka "i" tu. Paka ni "cath". "Ei gath" ni paka wake, mwenyewe mwanamume. "Ei chath", mwenyewe mwanamke. "Ei" ni ileile, herufi iliyogeuka ndiyo inayosema. Ukiifuta, umefuta maana. Na huko nako wamo watoto wanaoijifunza lugha hiyo shuleni, nyumbani wanasema Kiingereza.

Kwa hiyo alama msikate, nakubali. Ila pembeni ya mkasi, mwalimu aandike: N + R = ND.