Mtoto anayekataa chakula asichokizoea

Swali (Mama wa Ngamiani, Tanga): Ndugu zangu, mwanangu wa miaka 4 hali ila wali mweupe na samaki wa kukaanga; akiona kisamvu cha nazi hufumba mdomo na kugeuza uso. Je, nimlazimishe?

Jibu: Usimlazimishe, dada yangu, kwa kuwa woga wa chakula kigeni huwa mkali zaidi kati ya miaka 2 na 6, na mtoto anayeshurutishwa huzidi kukichukia. Mwekee kijiko kimoja kando ya wali, mle naye sinia moja; wengine hukubali baada ya kuonjeshwa mara 8 hadi 15.

Jibu: Naafiki. Mjukuu wangu alikubali mchicha alipoanza kuuchambua pamoja nami.

Jibu: Akipungua uzito, mpeleke kliniki.